Kabla Bodi Haijapiga Kura: Uzoefu Wangu Katika Baraza la Afya ya Shule Hapa Texas

Wazazi tunaozungumza Kiswahili hapa Texas mara nyingi tunalijua baraza la afya ya shule siku ambayo mambo yameshapita. Kwetu ilikuwa hivyo. Mwaka 2022 ulizunguka ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa, ukisema kwamba shule zinataka kuwafundisha watoto wa darasa la nne mambo ya kitandani. Aliyeurekodi hakujitaja, lakini ilikuwa sauti ya mtu mwenye hofu ya kweli, na hofu huambukiza. Jioni ya kikao cha bodi ya shule tulikwenda wengi, wengine na watoto mgongoni, wengine wametoka zamu kiwandani bila kupita nyumbani. Tukaandikisha majina, tukapewa dakika zetu chache, tukasema yetu. Wajumbe wa bodi walitusikiliza kwa heshima. Kisha wakapiga kura kupitisha kilichokuwa mezani, wakahamia kwenye ukarabati wa paa la shule fulani.

Nilirudi na makabrasha ya kikao nikayasoma usiku ule. Ndani yake kulikuwa na ripoti ya baraza la ushauri. Baraza hilo lilikuwa limelijadili jambo lile kwa miezi mingi, katika vikao vya wazi, na lilikuwa limeita wazazi wafike watoe maoni. Orodha ya waliofika ilikuwa fupi sana, na jina la kwetu halikuwamo hata moja. Sisi tulikuwa tumefika mlangoni wakati wenyewe wanafunga.

Nieleze kwanza baraza hili ni nini, maana nilitafuta maelezo ya Kiswahili nikakosa. Kifungu cha 28.004 cha sheria ya elimu ya Texas kinaitaka kila wilaya ya shule iwe na baraza la ushauri wa afya ya shule. Kwenye tovuti utalikuta kwa kifupi cha SHAC, yaani School Health Advisory Council. Wilaya ya shule si wilaya ya mkuu wa wilaya tuliyoizoea nyumbani. Ni mamlaka inayoendesha shule za eneo fulani, ina bodi iliyochaguliwa kwa kura, na inatoza kodi yake. Bodi ndiyo inayoteua wajumbe wa baraza, wasiopungua 5. Zaidi ya nusu yao lazima wawe wazazi wenye watoto katika shule za wilaya hiyo na ambao wilaya haijawaajiri, na mmoja wa wazazi hao lazima awe mwenyekiti au mwenyekiti mwenza. Linakutana angalau mara 4 kwa mwaka. Tangazo la kikao lazima litoke saa 72 kabla, na kumbukumbu za kikao pamoja na rekodi yake hukabidhiwa wilaya ndani ya siku 10 ili ziwekwe kwenye tovuti. Ukitaka kujua baraza la kwenu limelala au liko macho, anza na kumbukumbu hizo.

Mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma. Baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na kazi yao ilikuwa madawati, matundu ya choo na mchango wa chakula. Kinachofundishwa darasani kilitoka Dar es Salaam, na hakuna mzazi aliyedhani ana la kusema juu yake. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu hapa hatuulizi. Tunaona mtaala kama amri ya serikali. Texas ni kweli kwamba jimbo huweka viwango vya elimu ya afya, na bodi ya elimu ya jimbo ilivipitia upya mwaka 2020 kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1990. Lakini kama masomo ya uzazi na ujinsia yafundishwe au yasifundishwe, na kwa vitabu gani, ni uamuzi wa wilaya. Na tangu sheria ya mwaka 2021, bodi haiwezi kuchagua vifaa vya somo hilo bila kwanza kulikabidhi baraza kazi ya kuvipitia, na baraza lazima lifanye vikao vya wazi visivyopungua 2 kabla ya kutoa pendekezo. Hapo kwenye vikao hivyo 2 ndipo mzazi ana nguvu. Vifaa vikifika kwenye bodi, mara nyingi vimebaki kutiwa muhuri.

Nilikuwa na sababu yangu nyingine ya kujali. Nikiwa kidato cha pili, rafiki yangu tuliyekaa dawati moja alipata mimba. Alifukuzwa shule wiki hiyohiyo. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza hata mzunguko wa hedhi unavyokwenda, sisi sote tulikuwa tunabahatisha kwa yale tuliyosikia bombani. Tanzania ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni, nami nilipoisoma habari hiyo nikiwa hapa nililia, kwa sababu kwake yeye ilikuwa imechelewa mno.

Basi nikaomba nafasi. Fomu ilikuwa fupi: jina, shule wanayosoma watoto, kwa nini unataka kujiunga. Majirani waliniuliza kama ni lazima uwe raia. Sheria inataja mzazi wa mwanafunzi aliyeandikishwa na asiyeajiriwa na wilaya; haitaji uraia. Waliniuliza pia kama Kiingereza changu kinatosha. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, Kiingereza changu ni cha kazini, na nilikuwa naona haya kuzungumza mbele ya madaktari. Nikaandika hivyohivyo kwenye fomu: kwamba kwenye mitaa yetu kuna familia nyingi za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nyingine za Burundi na Rwanda, na kwamba hakuna hata mmoja wao kwenye baraza. Nafikiri sentensi hiyo ndiyo iliyonipa kiti. Wilaya zinahitaji wazazi kuliko wazazi wanavyojua, kwa sababu bila wingi wa wazazi baraza halijatimiza sheria.

Vikao vya kwanza vilinichosha. Watu walizungumza kwa vifupisho mfululizo, na kila mtu alionekana kujua vinasimamia nini. Nilijiwekea daftari, nikawa naandika kila kifupisho na kumuuliza muuguzi wa shule aliyekaa karibu yangu. Alikuwa mvumilivu, Mungu ambariki. Vikao vilianza saa kumi jioni, saa ambayo zamu yangu haijaisha, na kila kikao nilipoteza saa za malipo. Hakuna posho. Mume wangu alinung'unika miezi ya mwanzo, na nisingesema alikosea, maana hela ile ilikuwa ya umeme. Baadaye niliomba tuhamishie vikao saa kumi na mbili, na mwenyekiti mwenza akakubali bila ubishi. Walikuwa wamepanga saa kumi kwa sababu ndiyo ilizoeleka, na hakuna aliyewahi kuomba nyingine.

Kabla hatujafika kwenye lile jambo zito, niliona kazi nyingine za baraza ambazo wazazi hawazisikii kabisa kwa sababu hazina kelele. Baraza linapendekeza saa za kufundisha afya, sera za kuzuia unene wa kupindukia na kisukari, afya ya akili na kuzuia kujiua, sigara za kielektroniki, chakula, na mapumziko ya kucheza. Hili la mwisho lilinigusa. Texas inataka mtoto wa shule ya msingi apate angalau dakika 30 za mazoezi ya mwili kwa siku, lakini wakati ule mapumziko ya kucheza yalikuwa jambo la sera ya wilaya, na mwanangu mdogo alikuwa ananyimwa kila akichelewa kumaliza kazi ya darasani. Mtoto anayejifunza Kiingereza huchelewa kumaliza karibu kila siku. Nilipolisema hilo kwenye kikao, mwalimu mmoja wa mazoezi alisema yeye ameliona kwa watoto wengi. Tukaandika pendekezo kwamba mapumziko yasitumike kama adhabu, bodi ikalipokea bila mjadala mrefu. Kama wewe ni mgeni kwenye baraza, anza na jambo la namna hii. Unajifunza hoja inavyopita kutoka mdomoni mwako hadi kwenye karatasi, na watu wanakuzoea kabla hujawaambia lolote gumu.

Mwaka uliofuata wilaya ilileta vifaa vya masomo ya uzazi kwa ajili ya shule ya kati, yaani watoto wa miaka 11 hadi 14. Na ujumbe wa sauti ukaanza kuzunguka tena.

Safari hii nilikwenda kuvisoma. Kila mzazi ana haki hiyo, huhitaji kuwa mjumbe, na ukienda ofisini usikubali kuambiwa usubiri muhtasari. Omba somo lenyewe, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na video. Nilikaa jioni kadhaa. Sikukuta yale yaliyosemwa kwenye ujumbe. Nilikuta michoro ya mwili, hedhi, kubalehe kwa wavulana, magonjwa ya zinaa, namna ya kumkatalia mtu anayekushinikiza. Nilikuta pia njia za kuzuia mimba, zimeelezwa kwa maneno machache. Sheria ya Texas ni kali hapo: vifaa lazima vionyeshe kwamba kujizuia ndiko chaguo bora kwa kijana ambaye hajaoa au kuolewa, na vikazie jambo hilo kuliko jingine lolote, na shule haziruhusiwi kugawa kondomu kama sehemu ya somo. Wazazi wengi wa kanisani kwetu hawakuamini nilipowasomea kifungu hicho. Walidhani sheria iko upande wa pili.

Kilichonisumbua ni kilichokosekana. Somo la kujilinda na wanaonyanyasa watoto lilimzungumzia mtu usiyemjua, mtu wa mtandaoni. Mtu wa nyumbani, mjomba, mpangaji, kiongozi wa dini, hakuguswa. Akina mama waliokulia kambini wanajua vizuri hatari hutoka wapi. Nilimwomba mama mmoja, jirani yangu, aje kikao cha kwanza cha wazi aseme mwenyewe. Alisema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Alizungumza taratibu, hakutaja la kwake, alisema tu kwamba mtoto afundishwe kuwa anaweza kumsema hata mtu anayekula naye. Daktari wa watoto aliyekuwa mjumbe aliacha kuandika akamtazama. Somo hilo lilirekebishwa kabla ya kikao cha pili. Hakuna hotuba niliyowahi kutoa mle ndani iliyofanya kazi kama ile ya dakika chache za mama yule.

Vita vikubwa vilikuwa kwetu wenyewe. Mchungaji alikubali nizungumze na wazazi baada ya ibada, kwa sharti kwamba na wazee wawepo. Nilikwenda na nakala za masomo. Baba mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alisimama akasema, "Mama, haya mambo kwetu husemwa na shangazi. Shule inaingiliaje kazi ya shangazi?" Ukumbi ulimuunga mkono. Nami nilimuunga mkono, maana ni kweli, mimi mwenyewe yale machache niliyoyajua niliambiwa na dada yake baba. Nikamuuliza shangazi wa binti yake yuko wapi. Akasema yuko Uvira, Kongo. Nikauliza wa mwingine, yuko Nyarugusu. Wa mwingine alifia njiani. Tulikaa kimya kidogo, kisha mama mmoja akasema kwa sauti kwamba binti yake alipoona damu mara ya kwanza alidhani anakufa, na alimpigia simu mwalimu wake kabla ya kumwambia mama. Mazungumzo yalibadilika kuanzia hapo. Hayakuisha kwa makubaliano, na sikutegemea yaishe hivyo.

Niliumia kwa mengine. Rafiki yangu wa karibu aliacha kunipigia simu. Aliambiwa kwamba nalipwa na wazungu ili niwauze watoto. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa shule ya kati wakati ule, aliniomba nisimtaje popote, na alikasirika aliposikia mama wa mwenzake akinisema. Nilikaa naye tukapanga: sitasimulia lolote la kwake, na picha yangu haitawekwa kwenye kundi lolote la shule. Ukiwa na mtoto wa umri huo, zungumza naye kabla hujajaza fomu.

Sasa nifike kwenye fomu ya idhini, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisilale zaidi ya vifaa vyenyewe. Zamani mzazi asiyetaka mtoto wake afundishwe alitakiwa aandike kukataa. Sheria ya 2021 iligeuza: shule lazima ipate idhini ya mzazi kwa maandishi, na ombi hilo litumwe peke yake, siku zisizopungua 14 kabla ya somo kuanza. Kwa hiyo kunyamaza kukawa ni kukataa. Nawaheshimu wazazi waliokataa kwa kujua. Lakini kwenye mitaa yetu wengi hawakukataa, fomu haikuwafikia. Ilikuwa karatasi ya Kiingereza na Kihispania iliyobaki chini ya begi la mtoto pamoja na maganda ya ndizi. Watoto wao walipelekwa maktaba wakati wenzao wanafundishwa, na ndio hao hasa wasio na shangazi. Idhini hiyohiyo ilitakiwa pia kwa masomo ya kuzuia ukatili kwa watoto na ukatili wa majumbani. Niliwaza juu ya mtoto anayepigwa nyumbani, na anayetakiwa kutia saini ni yule anayempiga.

Nilileta jambo hili barazani, na hapa nilikwama kweli. Ofisi ilisema tafsiri ni gharama. Mjumbe mmoja alisema lugha ni nyingi, ukianza na Kiswahili utaishia wapi. Nilijibu kwamba wilaya inapokea fedha za serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza mtu kubaguliwa kwa asili yake katika shughuli zinazogharimiwa na fedha hizo. Sikulisema kwa ukali. Lakini sheria yenyewe haikutosha; kilichosogeza mambo ni orodha. Muuguzi wa shule na mimi tuliomba idadi ya wanafunzi kwa lugha ya nyumbani, ambayo wilaya hukusanya mtoto anapoandikishwa. Ilipoonekana kwamba Kiswahili kiko karibu na juu kwenye shule kadhaa, hoja ya gharama ilipungua nguvu. Ombeni takwimu hizo mapema, ofisi huchukua muda kujibu.

Wakati tunasubiri tulifanya la kwetu. Tulirekodi ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, na kijana mmoja wa Kirundi akarekodi wake, tukieleza fomu ni ya nini, inarudishwa lini, na kwamba ndiyo na hapana zote ni haki ya mzazi. Hatukumwambia mtu aseme lipi. Kundi lilelile la WhatsApp lililobeba hofu likabeba na maelezo.

Siku ya bodi tulijipanga. Jambo hili wengi hawalijui: tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inaitaka bodi imsikilize mwananchi kuhusu jambo lililo kwenye ajenda kabla au wakati wa kulijadili, na anayezungumza kupitia mkalimani, pasipo vifaa vya kutafsiri papo hapo, apewe angalau muda mara mbili ya wengine. Kama wengine wana dakika 3, yeye ana 6. Nilipiga simu siku mbili kabla nikalitaja hilo kwa karani, naye akaliandika. Wazazi wetu 3 walisema, mmoja akipinga vifaa, wawili wakiunga mkono. Nilifurahi kwamba aliyepinga alikuja. Alikuwa amevisoma.

Bodi ilipitisha vifaa, ikaondoa somo moja ambalo mimi nililitetea, kuhusu namna ya kutafuta huduma ya afya bila mzazi kujua. Wazazi wengi hawakulitaka, na nilielewa kwa nini, ingawa bado nafikiri kuna binti atakayelihitaji. Baraza linashauri, halipigi kura ya mwisho, na ripoti yake ya mwaka inaweza kupokelewa vizuri na kuwekwa kabatini. Ukiingia ukidhani unakwenda kuamua, utatoka baada ya miezi michache. Fomu ya Kiswahili ilikuja mwaka uliofuata, ikiwa na makosa, tukairekebisha.

Kifungu cha idhini cha 2021 kiliwekewa ukomo wa tarehe 1 Agosti 2024, na wabunge wa jimbo huko Austin wamerudi kwenye mambo haya tena tangu hapo. Usitegemee nilichokiandika mimi kwa tarehe na masharti. Fungua kifungu cha 28.004 kama kilivyo leo, au mwombe katibu wa bodi akupe sera ya wilaya yenu. Ratiba ya vikao itafutwe mapema, Agosti shule zinapofunguliwa. Kama hakuna ratiba kwenye tovuti, andika barua pepe uulize, kwa heshima, na uhifadhi jibu.

Kipindi changu kinaisha mwaka huu. Akina mama wawili wa Kikongo wameomba nafasi, na yule baba aliyeuliza kuhusu shangazi amechukua fomu, hajairudisha bado. Nimemwambia tarehe ya mwisho ni Ijumaa na kwamba akitaka nitamsindikiza ofisini.